Picha ya harusi kwa mama asiyeona: nianzie wapi?

NasraTanga: Habari zenu wanajukwaa. Mama alipofuka ukubwani kwa presha ya macho. Picha anayoitaja kila mara ni ya harusi yake: wamesimama studio na marehemu baba, baba suti nyeusi, yeye gauni jeupe na shela. Nataka aweze kuipapasa. Nasikia iko karatasi inayovimba ikipata moto. Niiskani tu nikaichapishe humo?

MwlNuktanundu: Pole na hongera kwa wazo hilo, dada. Ila usiichapishe ilivyo, nakuomba. Katika karatasi ile wino mweusi ndio unaonyonya joto la mashine, na palipo na weusi ndipo panapovimba. Kwa hiyo suti ya mzee itatuna yote kama godoro, na mama mwenye gauni jeupe atapotea kabisa. Weusi wa picha si umbo la kitu.

Nafundisha wasioona, na kazi kubwa hapa ni kupunguza. Tandika karatasi inayopenyesha mwanga juu ya picha, fuatisha mistari ya nje ya watu wawili tu. Pazia la studio, zulia, maua, acha. Mikono kama imeshikana ibaki, tena ikuze. Kati ya mstari na mstari acha kama milimita 3, maana vikibanana kidole hakivitenganishi. Nyuso zitengenezee karatasi yake kubwa. Kwenye picha nzima pua na macho vitakuwa vijipele tu.

Karatasi hiyo na mashine yake ni ghali. Gundi ya mbao na uzi mnene vinafanya kazi nzuri: laza uzi juu ya mistari, suti ibandikie kitambaa cha suti, shela neti. Ikikauka, mpe kwanza mtu asiyeijua picha aipapase, akiwa amefumba macho. Wewe unaijua, vidole vyako vitakudanganya.

Kidoleni: Shikamoo mwalimu. Mimi sioni tangu kuzaliwa, naongeza moja: maneno. Mwenye macho huipata picha yote mara moja, sisi tunaikusanya kipande kwa kipande. Nisipoambiwa ni akina nani na nani yuko kulia, napapasa nyuzi tu. Hata makumbusho ya Prado kule Madrid, mwaka 2015 walipotoa nakala sita za michoro yao zenye miinuko ya kupapaswa, waliweka na maelezo ya sauti. Kwa hiyo msimulie, lakini usimburute mkono. Mwache atembeze mwenyewe, arudi anapotaka.

NasraTanga: Asanteni sana, Mungu awabariki. Shela lenyewe bado liko sandukuni. Nikate kipande kidogo?

MwlNuktanundu: Marahaba Kidoleni, umesema kweli tupu. Nasra, muulize mama kwanza, shela ni lake. Akikataa, nenda dukani ukaombe vipande vya neti vya aina kadhaa, umpelekee achague kwa vidole kinachokaribiana nalo.