Naomba ushauri: kuku wamepunguza kutaga, nitajuaje chanzo ni kipi?

Habari zenu wakuu. Mayai ya kuku wangu wa kienyeji yamepungua ghafla. Mama mkwe anasema ni chanjo ya kideri, ile ya tone la jichoni, kwa sababu yalipungua wiki ileile. Sawa, ila wiki hiyohiyo nilibadilisha chakula pia (pumba mpya, dagaa hakuna), na mitetea kadhaa wanapukutika manyoya shingoni. Kuku anayebadili manyoya husimama kutaga, awe amechanjwa au hajachanjwa. Jogoo naye huwika kabla ya jua kutoka, ila si yeye anayelitoa.

Nataka niwagawe makundi mawili, maji na banda vilevile, kundi moja lirudie chakula cha zamani. Tatizo wote wameshachanjwa, kwa hiyo chanjo sina cha kuilinganisha nacho. Halafu hawa wanaopukutika niwatoe kabisa, au niwagawe sawasawa kila upande? Na nisubiri muda gani ndipo niseme chakula ndicho?

Wenye uzoefu nisaidieni. Chanjo inarudiwa kila baada ya miezi 3, na mama ameshaapa kwamba safari hii haiingii bandani.