Kijana ninayemlea anatimiza miaka 18: malezi yangu yanakoma?

Mama wa Mishomoroni
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Namlea kijana aliyeokotwa akiwa mchanga, akakaa makao ya watoto hadi nilipokabidhiwa na mahakama ya watoto ya Tononoka, hapa Mombasa. Kwa umri aliokadiriwa na daktari, Machi atatimiza miaka 18. Juzi nikifagia chumba chake niliona mvunguni begi alimopanga nguo zake zote, na juu yake ripoti za shule tangu darasa la kwanza. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu, “Mama, si ile karatasi ya korti yaisha nikifika kumi na nane?” Nilikosa la kumwambia. Hana cheti cha kuzaliwa, na afisi moja imeturudisha mara mbili kwa kuwa hatuna majina ya wazazi wake. Je, kisheria malezi yangu yanakoma siku hiyo, na kitambulisho atakipataje?

Mwanasheria wa Ganjoni
Wa alaikum salaam, dada yangu. Nianze na kitambulisho, kwani bila hicho hatafungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Ibara ya 14(4) ya Katiba ya 2010 yasema kwamba mtoto aliyepatikana Kenya, anayeonekana kuwa na umri usiofika miaka minane na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo kukosekana kwa majina ya wazazi hakumwondolei uraia. Nenda kwa afisa wa watoto na amri ya mahakama, taarifa ya polisi ya siku alipookotwa na barua ya makao, uombe akuandikie kwa msajili wa vizazi ili apate cheti cha kuzaliwa cha kuombea kitambulisho, maana usajili uliochelewa unaruhusiwa. Fanya hivyo sasa, angali mtoto mbele ya sheria na faili yake ingali mezani kwa afisa huyo.

Kuhusu malezi, Sheria ya Watoto inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 panapokuwa na sababu maalumu. Zaidi ya hayo, hakuna sheria inayomtoa nyumbani kwako. Mwambie hilo leo.

Kijana wa Kongowea
Shikamoo, mama. Mimi nilitoka makaoni moja kwa moja, bila familia ya kunilea. Nilipewa godoro, sufuria mbili na nauli, nikapanga chumba karibu na soko. Sikujua lita moja ya mafuta ya taa hutumika siku ngapi, wala kwamba mwenye nyumba husemezwa kabla kodi haijachelewa, kwa sababu makaoni chakula kilikuja kengele ikilia na fedha hatukuzishika. Lakini lililonivunja moyo si hayo. Nilipougua malaria, karani wa hospitali aliniuliza jina na nambari ya simu ya jamaa wa karibu, nikatazama ile fomu hadi akaniambia nipishe wengine. Mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwahamishia watoto kutoka makaoni hadi kwenye familia, nami nauunga mkono kwa sababu ya siku ile. Tafadhali mwandikie nambari yako, aijue kwa moyo.

Mlezi wa Likoni
Wangu nilimwanzishia mapema: kila Jumamosi nampa fedha za chakula cha siku mbili, anakwenda sokoni mwenyewe, na zikipungua tunakaa tukahesabu pamoja. Mwezi wa kwanza tulikula muhogo sana.

Mama wa Mishomoroni
Shukran, nanyi. Marahaba, mwanangu wa Kongowea. Andika nambari yangu kwenye fomu zako pia, nitakutumia faraghani. Usiku nilimwambia kijana kwamba chumba ni chake hata baada ya Machi, naye akauliza kama anaweza kupaka kuta rangi. Jumatatu tunakwenda kwa afisa wa watoto. Nimebakiwa na ombi moja: yeye anapenda kuchomelea vyuma, na kama kuna fundi Changamwe anayepokea mwanafunzi siku za likizo, naomba mnielekeze.