Wakuu, kuua magugu kwa moto wa gesi: inawezekana bila kuunguza mazao?

MtuWaMatuta:
Habari za kazi wanajamvi. Nalima mahindi, maharage, na sehemu ya karoti na vitunguu. Palizi inanimaliza nguvu, na karoti ndiyo kesi ngumu kuliko zote: inachelewa kuota, na ikija kuchomoza tuta lote limeshakuwa kijani, hujui ung'oe nini uache nini. Dawa za magugu sizitaki kwenye shamba ninalolishia watoto.

Nimeona watu wakipita shambani na kichomeo cha gesi, moto unapita juu ya magugu na wao wanasonga mbele tu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Moto unaua kweli au unababua majani halafu yanarudi? Mazao yenyewe yanaponaje? Na udongo je?

JembeMbili:
Moto na mahindi wapi na wapi mkuu? Nunua jembe zuri, tafuta vibarua, maisha yaendelee.

ShambaDarasa:
JembeMbili, hii si mambo ya jana. Hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya kifaa cha kuchoma magugu ilitolewa Marekani mwaka 1852 kwa John Craig wa Arkansas, kwa ajili ya mashamba ya miwa. Kuanzia miaka ya 1940 wakulima wa pamba wa kule waliitumia sana njia hii, mpaka dawa za magugu zilipoisukuma pembeni. Wanaolima bila kemikali ndio walioifufua.

Sasa MtuWaMatuta, ondoa kwanza picha ya kuteketeza. Ukiona gugu linageuka jeusi na kutoa moshi, umepoteza gesi. Kinachotakiwa ni joto kali kwa muda mfupi sana, sekunde moja au chini yake. Maji yaliyo ndani ya seli za jani yanatanuka, kuta za seli zinapasuka, na gugu linabaki limesimama pale pale likiwa kijani kama halijaguswa. Baada ya saa chache linalegea, kesho yake limekauka.

Utajuaje limepata joto la kutosha? Likishapoa, bana jani kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achia. Ukiona alama ya kidole imebaki, imekolea kijani na ina unyevunyevu, hilo limekwisha. Jani likirudi kama lilivyokuwa, punguza mwendo wako kidogo. Kipimo hiki kinashinda kukisia kwa macho, maana macho yatakudanganya uendelee kuchoma kitu ambacho kimeshakufa.

Je, yanarudi? Inategemea gugu na umri wake. Magugu ya majani mapana kama kishonanguo na mchicha pori yakiwa na majani mawili hadi manne yanakufa vizuri. Ukiyaacha yafike kwenye kifundo cha mguu, utachoma gesi nyingi na mengine yatachipua ubavuni. Nyasi ni wabishi zaidi, kwa sababu sehemu inayotoa majani mapya bado iko chini ya udongo, moto haiifikii. Unababua juu, linatoa jani jingine.

MtuWaMatuta:
Nimekupata mkuu. Na ndago? Shamba langu lina ndago wa kutosha.

ShambaDarasa:
Kwa ndago usiutegemee moto. Ana viazi vyake chini, atarudi. Kuchoma mara kwa mara kunamdhoofisha, lakini hesabu ya gesi haitakupendeza. Huyo mchimbe na viazi vyake, au mfunike kwa zao lenye kivuli kizito. Sangari naye ni hivyo hivyo.

MamaKitalu:
Kwenye karoti nikusaidie mimi, kaka, maana hapo ndipo moto unapolipa kuliko kwingine kote.

Andaa tuta mapema na ulisawazishe kabisa, mabonge yote yavunje, kwa sababu gugu likijificha nyuma ya bonge moto unapita juu yake. Mwagilia kama vile umeshapanda. Magugu yataota. Yachome yakiwa madogo, kisha panda karoti bila kuchimbua udongo tena. Hilo la kutochimbua ulishike sana: ukigusa udongo kwa jembe unaleta juu mbegu nyingine za magugu zilizokuwa zimelala, na kazi inaanza upya. Uzuri wa moto ni huo, unaua kilichoota bila kuamsha kilicholala.

Ukishapanda, karoti itakaa siku kumi au zaidi chini, huku magugu mengine yakichomoza. Choma tena siku moja au mbili kabla karoti haijatokeza. Ukichelewa umechoma na karoti zako.

Siku hiyo naijua hivi: nikishapanda, naweka kipande cha kioo juu ya sehemu ndogo ya mstari. Chini ya kioo udongo unapata joto zaidi, kwa hiyo mbegu za pale zinatangulia wenzake. Kila asubuhi nachungulia. Nikiona vijipinda vyeupe vya karoti vinainua udongo chini ya kioo, najua zilizobaki ziko karibu, na mchana wa siku hiyo hiyo napita na moto. Karoti zinakuja kuchomoza kwenye tuta safi, mistari unaiona kuanzia mwanzo hadi mwisho. Palizi inayobaki ni ya kung'oa vichache kwa mkono.

Vitunguu vya mbegu fanya vile vile.

MtuWaMatuta:
Dada, hicho kioo peke yake kimetosha kunileta humu leo. Asante sana. Na mahindi na maharage?

ShambaDarasa:
Mahindi yana faida ile ile niliyoilaumu kwenye nyasi. Hindi changa, mpaka lifike majani matano au sita hivi, sehemu yake ya kukulia iko chini ya udongo. Moto wa haraka utayageuza majani yawe meupe, utashtuka, lakini litatoa mengine. Mimi hata hivyo napendelea kusubiri hindi lifike magotini, halafu naelekeza moto kwenye shina karibu na ardhi, kwa kuulaza, ili upite chini ya majani. Ukiwa na vichomeo viwili, kimoja kila upande wa mstari, usivielekeze uso kwa uso. Kimoja kitangulie kidogo. Ndimi mbili zikikutana zinapanda juu na kuunguza majani ya zao.

Maharage ni tofauti. Yakishachomoza, sehemu yake ya kukulia iko juu hewani, ikiungua mche umekwisha. Choma kabla hayajaota, baada ya hapo rudi kwenye jembe.

JembeMbili:
Swali la udongo halijajibiwa. Tunafundishwa tusichome mashamba, leo tunachoma?

ShambaDarasa:
Swali la haki. Kuchoma mabaki ya mazao ni moto unaokaa, unakula mboji iliyo juu na kuuacha udongo uchi. Huu unapita mara moja, na udongo haupitishi joto kwa haraka, kwa hiyo kinachopata moto ni milimita chache za juu. Ndiyo maana pia mbegu za magugu zilizo chini haziungui. Kasoro ya kweli ni gesi. Kuchoma eneo lote kunaweza kula kilo 20 hadi 100 kwa hekta, kutegemea ukubwa wa magugu. Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75, choma ukanda wa sentimita 25 kwenye mstari tu na katikati pitisha jembe, matumizi yanashuka hadi theluthi. Kwa hiyo jembe lako bado lina kazi, JembeMbili.

FundiMitungi:
Ndugu zangu mmesahau mtungi. Uwe wima muda wote. Ukilala, gesi ikiwa bado kimiminika inaingia kwenye mpira na moto unaruka ovyo. Kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu, usiwashe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni na kwenye mifereji, kwa hiyo usiwashe ukiwa umesimama shimoni. Ukiona barafu imeganda nje ya mtungi, unatumia gesi kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kuigeuza kuwa mvuke, moto utafifia. Pumzisha.

Vaa pamba na buti za ngozi, nailoni inayeyukia mwilini. Maji yawe karibu, si nyumbani. Kukiwa na upepo au majani makavu, ahirisha.

MtuWaMatuta:
Basi mpango wangu: naanza na tuta moja la karoti na kioo cha dada MamaKitalu. Nachoma asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza, na mipira ya umwagiliaji wa matone naiacha palepale kwa kuwa moto unapita haraka. Niko sawa?

MamaKitalu:
Mipira toa kaka, plastiki haisubiri sekunde moja. Na asubuhi na mapema majani yana umande, moto wako utaishia kukausha maji kabla haujaligusa gugu. Subiri umande ukauke. Mchana magugu yana maji machache ndani, yanakufa kirahisi zaidi. Upepo ukiwa mkali siku hiyo, angalia kioo chako kwanza: kama karoti bado ziko chini, una nafasi ya kusubiri hadi kesho. Kama zimeshaanza kupasua udongo nje ya kioo, acha moto, ng'oa kwa mkono.