Naombeni ushauri: nina ufadhili wa chuo kikuu mkononi, lakini nataka kuwa mwigizaji kama Sandra Oh

BintiWaNepean:
Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu salaam. Mimi ni binti wa miaka 18, wazazi wangu ni watu wa Tanga, na tumeishi Nepean, Ottawa, tangu nikiwa mdogo. Nimepewa ufadhili wa miaka minne wa kusoma sayansi ya afya katika chuo kikuu cha mjini hapa, na baadaye kidogo nikakubaliwa katika Shule ya Taifa ya Maigizo ya Kanada iliyoko Montréal, ambako itanibidi nijilipie mwenyewe. Baba anasema uigizaji ni mchezo wa shuleni ambao mtu huuacha akishakua. Mama hasemi neno, na kimya chake kinanitisha kuliko maneno ya baba.

Ninayemtazama ni Sandra Oh, aliyezaliwa Nepean hii hii mwaka 1971. Wazazi wake walihamia kutoka Korea, baba akiwa mfanyabiashara na mama mtaalamu wa biokemia. Alipewa ufadhili wa miaka minne wa kusoma uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Carleton, akaukataa, akaenda shule hiyo hiyo ya Montréal kwa gharama yake mwenyewe. Leo ana zaidi ya miaka 30 katika filamu na televisheni. Silali usiku kwa mawazo. Je, niukatae ufadhili huu?

MzeeWaForodhani:
Marahaba binti yangu. Huyo Sandra simjui, kwa hiyo nitamsemea mzazi, ambaye namjua. Mtu akihama kwao na kwenda kuanza upya kwenye baridi, anachokiweka mbele ni masomo ya watoto. Mpwa wangu aliacha chuo cha ualimu akafuata filamu Dar es Salaam, akapewa nafasi za mlinzi wa geti na za mgeni katika harusi, na leo cheti hana wala filamu hana. Sikutakii hayo. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

MamaSalha:
Mwanangu, mimi ni muuguzi Toronto, na nakuhakikishia kwamba kazi za afya zinalisha familia hapa na nyumbani. Hata hivyo huyo unayemtaja namjua vizuri, kwa sababu zamu za usiku wengi wetu tulikuwa tukisimuliana Grey's Anatomy kama habari za majirani. Kuanzia 2005 hadi 2014, kwa misimu 10, alikuwa Dk. Cristina Yang, bingwa wa upasuaji wa moyo asiyeomba radhi kwa kupenda kazi yake kuliko ndoa. Taratibu za hospitali katika tamthilia ile zilikuwa na kasoro nyingi, lakini ule uchovu wa daktari aliyesimama tangu alfajiri aliuonyesha kwa mabega tu, na sisi tuliokuwa kwenye viatu vile tuliutambua. Ufadhili wako unakulipia na malazi, au ni ada peke yake? Hilo ni jambo la kuangalia.

MpendaSinema:
Wakubwa wametoa hekima yao, lakini kile ambacho binti amekitegemea, yaani njia aliyopita Sandra Oh, bado hakijaguswa, na mimi ningependa akitazame kwa makini kuliko anavyokitazama sasa.

Alihitimu mwaka 1993. Mwaka uliofuata alikuwa mhusika mkuu katika filamu ya televisheni ya CBC, shirika la utangazaji la Kanada, kuhusu maisha ya mwandishi Evelyn Lau, tena akaigiza katika Double Happiness ya Mina Shum, iliyompatia tuzo ya Genie ya mwigizaji bora wa kike, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa heshima kubwa ya filamu nchini Kanada. Mtu angedhani njia imefunguka. Amesimulia mwenyewe kwamba alipofika Los Angeles, wakala mmoja alimshauri arudi kwao akawe maarufu kwanza, maana hapo hakuwa na nafasi ya kumpa mtu wa sura yake. Basi kuanzia 1996 hadi 2002 akawa Rita Wu katika Arliss, msaidizi wa ofisini wa wakala wa wanamichezo, kwa misimu saba, akiwa pembeni ya mwanamume ambaye tamthilia ilibeba jina lake. Katikati ya miaka hiyo alirudi Toronto kuigiza Last Night ya Don McKellar, ya mwaka 1998, kuhusu watu wanaosubiri saa sita za mwisho za dunia, na ikamletea Genie ya pili. Hata hivyo Marekani waliendelea kumpa nafasi za rafiki wa mhusika mkuu.

Tazama Sideways ya 2004. Nafasi yake si kubwa, lakini pale anapogundua kwamba mpenzi wake alikuwa na mchumba siku zote, anamshambulia kwa kofia ya pikipiki hadi kumvunja pua, na ghadhabu ile haina hata chembe ya kujipamba. Grey's Anatomy ilikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo kati ya tuzo ya kwanza na jina kubwa kulikuwa na zaidi ya miaka 10 ya kazi ya mshahara wa kawaida na usaili usioisha. Ukimchukua Sandra Oh kuwa kielelezo, ichukue na miaka hiyo pia.

DadaZuhura:
Mdogo wangu, mbona hujasema mwisho wa kujibu barua ya ufadhili ni lini? Hapo ndipo ushauri wote unapoanzia.

BintiWaNepean:
Ahsanteni sana. Mama Salha, ufadhili ulilipia ada na malazi ya mwaka wa kwanza. MpendaSinema, miaka ya Arliss naifahamu na hainitishi, kwa kuwa alikuwa akiigiza kila wiki, jambo ambalo waigizaji wengi wa rika lake walilikosa.

DadaZuhura:
Umeandika "ulilipia". Nakuuliza tena kwa upendo, tarehe ya mwisho ni lini?

BintiWaNepean:
Imepita. Nimeshawaandikia kwamba siuchukui ufadhili, na Montréal nimeshatuma malipo ya kushika nafasi kutoka kwenye akiba yangu ya kazi ya dukani. Baba hajui. Ameshawapigia simu ndugu wote wa Tanga, na shangazi amesoma dua.

Msinielewe vibaya. Sikufanya kwa jeuri. Nisingejibu kabla ya tarehe ile ningepoteza nafasi zote mbili, na najua kwamba baba akiombwa ruhusa atakataa, lakini akikuta jambo limekwisha atalizoea. Hata Sandra Oh hakusubiri baraka za wazazi. Kama angesubiri, Cristina Yang asingekuwapo, wala Eve Polastri wa tamthilia ya kijasusi Killing Eve.

MzeeWaForodhani:
Kumbe tulikuwa tunaulizwa njia na mtu aliyekwisha fika. Binti, hapa hakuna tena suala la sanaa na elimu. Kuna baba anayepokea pongezi za watu kwa jambo ambalo halipo.

DadaZuhura:
Naongezea hapo. Sandra Oh alikwenda kinyume na ushauri wa wazazi wake, ni kweli, lakini hakuwaficha. Aliwaambia kwamba angejaribu uigizaji kwa miaka michache, na mambo yakishindikana angerudi chuoni. Walijua anakokwenda na anachoahidi, wakabaki na kitu cha kumdai. Wewe umechukua kukataa kwake ukaiacha ahadi. Mimi niliolewa kwa siri nikiwa chuoni, na ndoa imedumu, lakini mama yangu hadi leo akisimulia habari ile anasimulia namna alivyoisikia kwa jirani.

MsomajiMakini:
Naomba nisimamishe mjadala kidogo. Nepean, wazazi wahamiaji, ufadhili wa miaka minne, Shule ya Taifa ya Maigizo, kujilipia mwenyewe. Haya ni maisha ya Sandra Oh, hatua kwa hatua, isipokuwa Korea imekuwa Tanga na uandishi wa habari umekuwa sayansi ya afya. Shule ile huchukua wanafunzi wachache sana wa uigizaji kila mwaka. Naona mwandishi anayejaribu hadithi yake kwetu, na si vyema kuchezea huruma ya watu wazima wanaotoa muda wao kumshauri.

MamaSalha:
Hata mimi lilinipitia kichwani. Lakini kama ni uongo, mtungaji amejitahidi, maana hata habari ya shangazi na dua yake hakuihitaji.

BintiWaNepean:
MsomajiMakini, umeniumiza, ila sikulaumu. Zinafanana kwa sababu nilimfuata. Mtoto wa Nepean anayependa jukwaa, jina la kwanza kusikia kwa mwalimu wa maigizo ni lake, kwa kuwa naye alisoma sekondari hapahapa, na shule za taifa za kufundisha uigizaji wa Kiingereza si nyingi kiasi cha kuchagua. Barua ya ufadhili baba aliichapisha kwa rangi, akaiweka ndani ya kabati la vioo sebuleni, imeegemezwa kwenye dele la kahawa la bibi, na mgeni akija anafunguliwa mlango wa kabati ili aisome kwa karibu. Kila nikipita naisoma upya, na jina langu lina kosa la herufi moja ambalo hakuna aliyeligundua. Sina namna nyingine ya kuthibitisha, wala sitaweka picha yake hapa.

MsomajiMakini:
Kwa hilo la kabati nakubali kunyamaza. Bado sikubaliani na ulichofanya.

MpendaSinema:
Mimi nimeamini tangu mwanzo, kwa sababu maswali ya binti huyu ni ya mtu aliyezitazama hizo filamu. Naomba niseme juu ya wazazi wa Sandra Oh, maana wamo katika kazi yake kuliko tunavyofikiri. Aliondoka Grey's Anatomy mwaka 2014, jina likiwa juu, na miaka minne iliyofuata akafanya kazi ndogo zaidi. Ulipomfikia muswada wa Killing Eve, amesimulia kwamba aliupitia kurasa kwa kurasa akitafuta nafasi yake ni ipi, hadi wakala wake alipomwambia kwamba yeye ndiye Eve. Huyo ni mtu aliyekuwa na tuzo ya Golden Globe tayari. Hivyo ndivyo zile nafasi za pembeni zinavyomzoesha mtu kujitafuta pembeni. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuteuliwa kuwania Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia. Tuzo ilikwenda kwa Claire Foy, lakini mama yake alikuwa ukumbini amevaa hanbok, vazi la heshima la Kikorea. Januari 2019 akashinda Golden Globe katika hafla aliyokuwa akiiongoza yeye na Andy Samberg, akageuka kuwaambia wazazi wake kwa Kikorea kwamba anawapenda, na baba yake alikuwa amesimama anapiga makofi.

Jambo jingine ambalo mimi huliona zito kuliko tuzo: mwaka 1994 alikuwa binti wa Double Happiness, anayetaka uigizaji huku nyumbani wakitaka mengine, na mwaka 2022 alikuwa sauti ya mama mwenye wasiwasi katika filamu ya katuni Turning Red na mama tena katika filamu ya Umma. Kazi yake imezunguka meza moja ya familia, akihama kutoka kiti cha mtoto hadi cha mzazi. Na kwa sisi wa Kiswahili, mwaka 2025 alikuwa Olivia katika Twelfth Night ya Shakespeare kwenye jukwaa la Delacorte, New York, chini ya mwongozaji Saheem Ali aliyezaliwa Kenya, pamoja na Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior, na Kiswahili kilisikika jukwaani.

BintiWaNepean:
Hilo la Kiswahili nitamwambia baba. Bado naamini nilichagua sawasawa, na sitaiandikia Montréal kwamba siendi. Ila nimeelewa kwamba hapaswi kuisikia kwa shangazi. Ijumaa hana zamu. Nilikuwa nafikiria nimwonyeshe kwanza Double Happiness, aone, kisha nimweleze.

DadaZuhura:
Usianze na hiyo, mdogo wangu. Mwisho wake binti anahama nyumbani, na baba yako ataona hiyo ndiyo habari yenyewe. Mweleze kwanza kwa mdomo wako, mama akiwapo, na umpe muda kama ule wa miaka michache, utamke ni mingapi. Na kabla ya Ijumaa ipigie simu ofisi ya ufadhili uulize kama wangekupokea tena ukiomba upya, kwa sababu hilo ndilo litakalokuwa swali lake la kwanza.