MJADALA: Je, Delia Derbyshire alistahili nusu ya mirabaha ya muziki wa Doctor Who?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Nina jambo linaloniuma kila nikilikumbuka, nataka tulijadili kwa hoja.

Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Doctor Who ilirushwa na BBC Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa mjini Dallas. Uingereza nzima ilikuwa inafuatilia habari za Dallas, hata BBC ikairudia sehemu hiyo wiki iliyofuata, kabla ya kuonyesha ya pili. Lakini walioiwasha televisheni jioni ile walisikia muziki wa utangulizi usiofanana na kitu chochote walichokijua.

Kwenye karatasi, mtunzi ni Ron Grainer wa Australia. Naye aliandika kweli: ukurasa mmoja wenye mstari wa besi, melodia, na maelekezo ya maneno kama "mawingu" na "viputo vya upepo". Sasa jiulize, kiputo cha upepo kinapigwa kwa ala gani?

Jibu alilitoa Delia Derbyshire, mhitimu wa Cambridge katika hisabati na muziki, aliyekuwa mwajiriwa wa BBC Radiophonic Workshop, kitengo cha sauti pale Maida Vale, London. Msaidizi wake alikuwa Dick Mills. Sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki kinachotengeneza sauti, ya kununua dukani haikuwepo. Kila noti ilitengenezwa peke yake. Kwa besi, uzi mmoja uliokazwa kwenye ubao ulidonolewa na kurekodiwa, tepu ikaongezwa au kupunguzwa kasi mpaka noti inayotakiwa ipatikane, kisha kipande kikakatwa kwa wembe na kuungwa na kinachofuata. Ile sauti ya juu inayopaa na kuteleza ilitoka kwenye mitambo ya kuzalisha mawimbi ya sauti, vifaa ambavyo mafundi walivitumia kupimia mashine. Hakukuwa na mashine ya kurekodi sauti nyingi kwa pamoja, kwa hiyo tepu ya besi, ya melodia na ya mvumo ziliwekwa kwenye mashine tofauti na kuanzishwa kwa wakati mmoja. Mills amesimulia kwamba mara moja noti moja ilikataa kulingana na wenzake, ikabidi wazitandaze tepu kwenye korido na kuzikagua kiungo kwa kiungo mpaka kosa likaonekana.

Grainer aliposikia matokeo aliuliza kama kweli ni yeye aliyeandika kitu kile. Akataka Derbyshire apate nusu ya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumika. Utaratibu wa BBC haukuruhusu. Mwisho wa kipindi yaliandikwa majina ya Grainer na Radiophonic Workshop, basi. Derbyshire alifariki 2001, na jina lake halikuonekana kwenye skrini kwa kazi hiyo mpaka 2013, kwenye kipindi cha kuadhimisha miaka 50.

Msimamo wangu: watunzi ni wawili, na nusu ilikuwa haki yake. Karibuni.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, nakuheshimu lakini napinga. Derbyshire alikuwa analipwa mshahara. Kazi ifanikiwe, ifeli, mwisho wa mwezi anapokea. Grainer alikuwa mtunzi wa kujitegemea, hana mshahara BBC, anaishi kwa mirabaha. Kila mmoja alichagua njia yake. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya wakati ule, ya 1956, ilikuwa wazi: kazi ya mwajiriwa ni mali ya mwajiri.

Halafu ukianza na huyu utaishia wapi? Brian Hodgson wa kitengo hichohicho alikwaruza nyuzi za piano kwa ufunguo akapata mlio wa TARDIS, chombo cha kusafiria cha kwenye tamthilia hiyo, ikiondoka, mlio ambao dunia nzima inaujua. Naye alipwe kila ikiondoka? Na huyo Mills uliyemtaja mwenyewe je? Umesema wawili, mimi nawahesabu watatu.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja ya mshahara ingesimama kama pesa zingetoka BBC. Hazikutoka BBC! Nusu ile ilikuwa itoke kwenye fungu la Grainer, na mwenye fungu ameridhia. Mtu anasema "huyu mwenzangu tumetunga pamoja, tugawane", mwajiri anakataa. Hapo mwajiri analinda nini?

Ninachokiona ni hofu kwamba mfanyakazi mmoja akitambuliwa, wengine nao wataomba. Naielewa hofu hiyo, lakini ni sababu ya kiutawala, haituambii nani alitunga. Na kumbukeni huyu ni mwanamke ambaye 1959 aliomba kazi Decca, kampuni ya kurekodi muziki, akaambiwa hawaajiri wanawake kwenye studio zao za kurekodia.

Mchangiaji wa tatu:

Nyote mnabishana kuhusu kipaji wakati kilichoamua ni mkataba. Tazameni Dalek, wale maadui wa kwenye tamthilia hiyo walioonekana wazima kwa mara ya kwanza Desemba 1963. Terry Nation aliandika kwenye hadithi kwamba ni viumbe wanaoteleza bila miguu. Alisema wazo lilitokana na wachezaji ngoma wa nchi ya Georgia ambao sketi zao ndefu huficha hatua. Umbo lenyewe, yaani ule mwili wenye pembepembe, yale mabonge ya duara ubavuni, mtu kukaa ndani kwenye kiti na kuuendesha kwa miguu, ni la Raymond Cusick, mbunifu mwajiriwa wa BBC. Hata yeye alipewa kazi hiyo kwa sababu Ridley Scott, aliyepangiwa mwanzo, ratiba ilimbana.

Nation alikuwa na wakala, Beryl Vertue, aliyehakikisha mteja wake anabaki na sehemu ya haki. Midoli ya Dalek ilipoanza kugombaniwa madukani, Nation akatajirika. Cusick alipata bahashishi ndogo tu. Huyu ni mwanaume, dada Derbyshire ni mwanamke, na yaliyowakuta ni yaleyale. Tatizo ni ajira, mkuu.

Mchangiaji wa nne:

Naomba tutenganishe jina na pesa. Pesa ni suala la mkataba, sawa. Lakini Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6bis, unasema mtunzi anabaki na haki ya kutambuliwa hata akishauza haki za mapato. Sheria ya Uingereza ya 1988 iliingiza haki hiyo, kisha ikamnyima mfanyakazi pale mwajiri anapoamua vinginevyo. Kuandika jina kwenye skrini hakugharimu chochote. Kwa nini walinyimwa hata hilo?

Mchangiaji wa pili:

Kwenye jina nakubali, wangeandikwa. Kwenye nusu bado napinga, na mleta mada hajanijibu kuhusu Mills.

Mleta mada:

Nakujibu. Kipimo changu ni nani aliyeamua. Mills alikata, akaunga, akaendesha mashine, na jina lake lilipaswa kuwa pale tangu wiki ya kwanza. Lakini uamuzi kwamba "mawingu" yasikike hivi na si vile ulikuwa wa Derbyshire. Mpe orkestra ukurasa ule wa Grainer, utapata wimbo mzuri, lakini hautakuwa ule uliosikika 1963. Mbunifu akiweza kutoka bila kazi kubadilika, ni fundi. Akitoka na kazi ikawa nyingine, ni mtunzi. Kwa kipimo hichohicho Cusick naye alidhulumiwa, na Hodgson kwa mlio wake nitakubali jina bila kusita. Anayeona kipimo hiki kina tundu anionyeshe liko wapi.