Mawakala wa mizigo Dar–Mwanza, mnatoza bei ya gia boksi halafu mnaibeba kama gunia la mkaa!

Wakuu, salaam. Leo nina hasira na sitazificha, kwa sababu jambo hili limezidi na wengi mnaoshughulika na magari huku mikoani mnalifahamu.

Nina gereji hapa Mwanza, kazi yetu kubwa ni injini na gia boksi. Spea kubwa za mtumba tunazifuata Dar, Gerezani na Shaurimoyo, maana huku unaweza kuzunguka mji mzima na ukakosa. Kununua kwenyewe siku hizi hakusumbui. Muuzaji anakupigia video, anakusomea namba ya injini, unamtumia hela kwa simu, kazi imekwisha. Balaa linaanza mzigo ukishatoka dukani. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, na katika safari yote hiyo hakuna hata mtu mmoja anayekubali kwamba mzigo wako uko mikononi mwake.

Nimepokea gia boksi ya otomatiki ya Noah, mali ya mteja. Muuzaji aliifunga vizuri sana, picha ninazo. Alimwaga mafuta, akaiketisha kwenye fremu ya mbao, akaibana kwa mikanda, na mbele ya hausingi, yaani ganda la nje la gia boksi, akaweka kipande cha bati nene kilichofungwa kwa bolti mbili ili toka konveta, lile duara zito linalopokea nguvu ya injini, isitoke. Nilimwomba hata apime fremu kwa futi kabla hajaipeleka kwa wakala, na karani wa wakala akasema inaingia kwenye buti la basi bila tatizo.

Kilichonifikia ni gia boksi ndani ya salfeti. Fremu haipo. Mikanda haipo. Bati limeng'olewa, bolti moja imebaki imepinda. Konveta imesogea nje, sili ya mbele imechanika, yale mafuta mekundu yaliyokuwa yamebaki ndani yamelowesha salfeti lote. Na sikio la chini la hausingi, pale bolti inapopita kwenda kwenye injini, limepasuka na kipande hakionekani.

Namuuliza karani wa hapa Mwanza, ananijibu: "Bosi, hicho si chuma? Chuma kinavunjikaje?"

Ndugu zangu wa ofisi za mizigo, nisikilizeni. Hausingi ya gia boksi ni aluminiamu. Ikiangushwa kutoka kimo cha kiuno kwenye sakafu ya zege, inapasuka. Na konveta haijafungwa kwa bolti yoyote upande wa gia boksi, imechomekwa tu kwenye shafti na kwenye meno ya pampu. Ukiilaza gia boksi kifudifudi au ukaiburuta, konveta inachomoka. Fundi asiye makini akiibana hivyo hivyo kwenye injini, pampu inavunjika na mteja anarudi analia kwamba ameuziwa takataka. Muuzaji anatukanwa, fundi anatukanwa, na aliyeiharibu yuko stendi anapakia mzigo mwingine.

Nilipokomaa nikaambiwa ukweli nusunusu: mzigo ulihamishwa njiani kwenda basi jingine kwa sababu ya uzito kwenye mizani ya barabarani, na kwenye hilo basi la pili fremu ilikuwa "inasumbua". Sasa mizani kwani ni jambo la kushtukiza? Vigwaza ipo pale pale, Mikese ipo, Nala ipo, Njuki ipo, Usagara ipo. Kila dereva wa njia hii anazijua. Kwa nini upokee mzigo wa kilo zaidi ya 80 na hela yake, wakati unajua gari limeshajaa?

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Ofisini kwao hakuna mizani! Bei inakadiriwa kwa macho. Karani anaitazama gia boksi, anakutazama wewe, anataja hela. Kesho yake mwenzako anapeleka ya aina ile ile anatajiwa nyingine. Ikifika huku unadaiwa tena hela ya makuli na hela ya kuhifadhi, wakati mzigo ulichelewa kwa sababu yao. Mizigo ya ndege ni ghali, lakini angalau hesabu yake inajulikana: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, kisha wanalinganisha na kilo halisi na kuchukua kubwa. Bampa kwenye boksi la 180 kwa 50 kwa 40 inahesabiwa kilo 60 hata kama yenyewe haifiki kilo 10. Inauma, lakini unalijua hilo kabla hujafungua pochi, na unaweza kulipunguza boksi hadi kimo cha 20 ukalipia kilo 30. Kwa mawakala wa mabasi utapunguza nini, wakati kipimo ni jicho la karani?

Halafu geuza risiti nyuma. "Mzigo unasafirishwa kwa dhamana ya mwenyewe." Dhamana yangu ipi, wakati mmenizuia hata kusogelea buti? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ipo na FCC, Tume ya Ushindani, wapo kwa ajili ya kumlinda mlaji. Mabasi yana LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Kugonga muhuri nyuma ya karatasi hakuwezi kuwa ruhusa ya kuvunja mali ya watu. Malalamiko yangu nayapeleka kwa maandishi, pamoja na picha za kabla na baada.

Kwa wenzangu mnaotuma na kupokea: msikubali mzigo upokelewe bila picha mbele ya karani, na aandike kwenye risiti "imefungwa kwenye fremu ya mbao". Akikataa kuandika, ondoka na mzigo wako. Injini isikae juu ya sampu, lile bakuli la oili la chini, hata kidogo, ibebwe na mbao kwenye maundingi zake, pale inaposhikwa kwenye gari. Plastiki za juu, sensa na waya vitolewe na viwekwe kwenye boksi lake peke yake, matundu yote yazibwe. Na injini nzito za dizeli, kama 1HZ ya Land Cruiser, msiziweke kwenye basi kabisa. Tafuteni Fuso au semi inayokuja huku na nafasi, mlipie sehemu yenu. Mtasubiri lijae, lakini fremu itabaki fremu na bei inashuka. Kinachonisikitisha ni kwamba reli imefika Mwanza tangu 1928, na bado leo tunabanana na mabegi ya abiria kusafirisha injini.

Mteja wangu ni dereva, Noah ndiyo mkate wake, na imelala hapa kwenye jeki. Nimemwagiza muuzaji anitafutie gia boksi nyingine kwa hela yangu, kwa sababu siwezi kumwambia mtu mwenye watoto asubiri mpaka kampuni ya watu ione aibu.

Anayemjua msafirishaji wa Dar–Mwanza anayepima mzigo, anayeandika hali yake na anayelipa akiharibu, amtaje hapa hapa, hata kama bei yake iko juu kidogo. Tumpe kazi wote.

Na ninyi mliovunja hausingi, najua mnasoma humu. Namba yangu ya simu iko kwenye risiti yenu. Nataka bei ya gia boksi na nauli yangu yote.