“Ilikuwa imejaa, nimeisafisha”

Mwenye uzi: Ndugu wanajukwaa, naandika huku mikono ikinitetemeka. Yule bwana mnayemjua nyote, ambaye hashuki boti bandarini Mkoani bila ya kuikumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga, amefika leo asubuhi kwenye kipima mvua cha shehia yetu, akafungua kisanduku cha loga, kile kifaa kinachoandika vipimo na kuvitunza, na kuona jedwali la data limefika asilimia 100. Hakuuliza. Alibonyeza “futa”, akabonyeza “ndiyo”, kisha akanigeukia, dafu langu mkononi mwake, akasema: “Ilikuwa imejaa, nimeisafisha.”

Nimeisafisha! Kana kwamba ni karo la jikoni.

Jedwali lile nimelitengea rekodi 12,960, yaani siku 90 kwa rekodi moja kila dakika 10, na nimelipanga kwa mzunguko: likijaa, rekodi mpya hukaa mahali pa ile iliyo kongwe kuliko zote, na kazi inaendelea. Kujaa ndiyo afya yake. Tangu siku ya 91 lilitakiwa libaki asilimia 100 mpaka Kiyama. Alichokifuta ni masika karibu yote. Nilipomwuliza data iko wapi, alifyonza dafu kwanza, akanijibu kwamba sasa loga itakuwa nyepesi. Nyepesi! Masika yamekwenda, naye ameisafisha.

Mkaazi wa Chake: Pole, lakini kumbukumbu ya loga hiyo si megabaiti 4? Vipimo sita vya baiti 4 kila kimoja ni baiti 24 kwa rekodi, na rekodi 144 kwa siku ni baiti 3,456. Hata ukiongeza muhuri wa saa, lau ungeliiachia loga ijigawie nafasi yenyewe, ungelikaa na data ya zaidi ya miaka miwili. Wewe umeitengea siku 90, na katika siku hizo 90 hukwenda hata mara moja kunakili. Muda wa kuangua dafu ulikuwa nao.

Mwenye uzi: Dafu liliangulwa na kijana wa jirani. Nami nazungumzia mtu aliyesema “nimeisafisha”.

Mtoto wa Mjini: Mshukuru Mungu kwamba ulifutiwa mbele ya macho yako. Huku Unguja, bwana huyo huyo alitusahaulia jedwali la majaribio linaloandika kila sekunde, na siku moja ina sekunde 86,400. Loga yetu inapojigawia nafasi, hupima ili majedwali yote yajae kwa wakati mmoja, kwa hiyo lile la majaribio lilimeza karibu kumbukumbu yote. Nilikwenda kunakili data ya mwezi mzima, nikakuta jana na kipande cha juzi.

Bi Mikarafuu: Sisi alitupangia likijaa lisimame, kwa sababu eti mzunguko “unapoteza data”. Likasimama usiku wa kuamkia mvua kubwa ya vuli. Tuna rekodi nzuri sana za jua.

Mkaazi wa Chake: Hapo alikuwa na hoja, Bi Mikarafuu. Kusimama kunahifadhi ya mwanzo, mzunguko unahifadhi ya mwisho. Anayechagua ndiye anayepaswa kujua anataka ipi.

Bi Mikarafuu: Tulitaka mvua, kaka yangu.

Fundi Pwani: Nyote mmelalamika kuhusu watu waliobonyeza kitu. Loga yetu ni ya zamani, na umeme mkubwa ukikatika, kumbukumbu yake hushikiliwa na betri ndogo ya kidonge. Mlinzi wetu aliichomoa akaitia kwenye rimoti ya gari, siku ambayo sola nayo ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo. Data yote ilipotea.

Mtoto wa Mjini: Na gari lilifunguka?

Fundi Pwani: Lilifunguka mara moja.

Mwenye uzi: Jamani, aliniambia ameisafisha.

Bi Mikarafuu: Fundi, betri hiyo ni ya namba gani? Yetu nayo imeanza kupoteza saa.